Mwalimu wa Shilingi 30

Ndugu msomaji, kama hujafika Horohoro, nikuambie kwanza palivyo. Ukitoka Tanga mjini unapita Amboni, unashika barabara ya lami kilometa 65 kuelekea kaskazini, na ukiyaona malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini yake, ujue umefika. Mbele yako ni mpaka, na ng'ambo ni Lungalunga ya Kenya. Simu yako itakukaribisha Kenya nawe ungali unakunywa chai Tanzania. Wadigo wako huku na Wadigo wako kule; shangazi yuko Vanga, mpwa yuko Moa. Mpaka wenyewe walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hawakumwuliza shangazi, wala hawakumwuliza mpwa.

Kijiji nilichoishi hakipo hapo barabarani. Unashuka kabla ya mpaka, unapanda bodaboda, na mvua ikinyesha unamalizia kwa miguu. Jina lake sitalitaja, maana ndani ya habari hii mna kesi ndogo ya pesa, na wenyewe walishaimaliza kiutu uzima.

Nilikwenda kuandika riwaya. Usicheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na mjini kila siku naulizwa, "Wee siku hizi unafanya nini?" Nikaona bora niende kwa bibi yangu, mdogo wake bibi mzaa mama, nikakae kimya niandike. Nilibeba begi moja, madaftari matatu na kiburi cha kutosha. Wiki tatu baadaye daftari la kwanza lilikuwa na ukurasa mmoja, nao nimeufuta mara sita.

Ndipo akina mama wa VIKOBA walipokuja uani kwa bibi.

Walikuwa 14. Kikundi chao kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Sanduku lilikuwa salama kabisa. Tabu ilikuwa daftari. Katibu, kijana mmoja aliyesoma, aliandika peke yake, akajumlisha peke yake, akawasomea peke yake. Hesabu ya daftari na hesabu ya vichwani mwao hazikuwa zinakutana. Lakini nani aseme? Utamwitaje mtu mwizi kwa daftari usilojua kulisoma?

Nikadhani wanataka niwe katibu mpya. La hasha! Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa alisema, "Mwanangu, hatutaki katibu mwingine. Tunataka macho yetu wenyewe."

Basi ndivyo nilivyoupata ualimu. Mwenyekiti wa kijiji akaniandika kitabuni mwake: "Kijana wa kujitolea." Mshahara hakuna, posho hakuna. Chakula, wakasema, wataangalia wenyewe.

Maisha yangu ya kila siku yalikuwa hivi. Alfajiri naamshwa na adhana na majogoo, sijui nani anaanza. Nabeba madumu mawili kwenda kisimani, na maji yake yana chumvi, sabuni haitoi povu. Asubuhi namsaidia bibi palizi ya muhogo. Saa saba jua linawaka, hakuna anayefanya lolote isipokuwa kuku. Saa tisa naushika ubao wangu, kipande cha plaiwudi tulichokipaka unga mweusi wa betri kuukuu na majani ya maboga, nauegemeza kwenye mwembe karibu na ofisi ya kijiji. Akina mama wanafika mmoja mmoja kutoka mashambani, mwingine ana mtoto mgongoni, mwingine ana kuni. Saa kumi na moja na nusu wanaondoka kwenda kupika. Mvua ikinyesha hakuna darasa. Kukiwa na msiba hakuna darasa. Msimu wa kuvuna mahindi wanakuja watano, nami nafundisha watano.

Nilifikiri nitawafundisha hesabu. Siku ya pili nikaulizia tu, kwa kujaribu: shilingi za Kenya 350 ni ngapi za kwetu kwa bei ya leo? Kabla sijatoa simu mfukoni watatu walikwishajibu, na jibu lilikuwa moja. Wanauza machungwa kwa madereva wa nchi mbili tangu utotoni! Kumbe hesabu wanayo. Wasichokuwa nacho ni alama za kuiandika.

Lakini aliyenitia aibu hasa ni bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, umri umepita miaka 70. Nilikuwa nimeandika ba, be, bi ubaoni. Kabla sijanyoosha fimbo akasoma mwenyewe mpaka mwisho, bo na bu akaongeza, nami sijaziandika. Nikamwambia, "Bibi, kumbe unajua!" Akajibu bila kuniangalia, "Nilijua, mjukuu wangu. Nilifundishwa nikajua. Kisha nikasahau."

Msomaji, mie nilikuwa najiona wa kwanza. Nilidhani nimeleta taa mahali penye giza. Kumbe taa ilikwishawashwa hapa, miaka hamsini iliyopita, ikazimika. Ikabidi nitafute ilizimikaje.

Turudi nyuma basi.

Sensa ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa nchi yetu, 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuliona jambo hili mapema. Mwaka 1964, akiueleza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, alisema ni lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto tunaowasomesha hawatauinua uchumi wa nchi kwa miaka 5, 10, hata 20. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwanza zikachaguliwa sehemu sita za kufutiwa ujinga haraka: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam. Mwaka 1971 TANU ikaamua kwamba nchi nzima iwe imefika hapo mwisho wa 1975.

Sasa jiulize, nani atafundisha? Walimu wenye vyeti hawakutosha hata kwa watoto. Jibu lilikuwa ni watu wa kujitolea: vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, mabwana shamba, watu wa misikiti na makanisa, hata wanafunzi wa shule za msingi waliowafundisha wazazi wao. Kwa kazi hiyo kulikuwa na kifuta jasho cha shilingi 30 kwa mwezi. Mwaka 1975 waliojiandikisha katika madarasa ya kisomo walikuwa zaidi ya milioni 5. Agosti mwaka huo ukafanyika mtihani wa taifa, na wasiojua kusoma wakawa wameshuka kutoka 67 hadi 39 katika kila 100. Mwaka 1977 wakawa 27. Mwaka 1986 hesabu za serikali zikasema wamebaki chini ya 10. Nchi chache sana za Afrika zilipata kufanya kitu kama hicho.

Hayo utayasoma vitabuni. Usichokisoma ni huyo kijana wa darasa la saba aliamka saa ngapi, alikula wapi, na ile shilingi 30 aliinunulia nini.

Nikamwuliza bibi, "Nani alikufundisha?" Akaelekeza kidevu upande wa barabara. "Yule pale fundi baiskeli."

Nilikuwa nikimpita kila siku! Mzee mwembamba, anakaa chini ya mkorosho na bakuli la maji la kutafutia tundu za mipira. Nilikuwa namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, basi. Siku hiyo nikakaa. Nikamwambia, "Mzee, nimesikia wewe ni mwalimu." Akasema, "Mwalimu gani? Mie fundi baiskeli." Nikaenda siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne nikaenda na baiskeli ya bibi iliyopasuka mpira, akanichekea. "Kaa. Uliza unachotaka, lakini ushike hapa."

Alianza mwaka 1974, umri wake miaka 17. Mwaka ule ndio watu wa upande wao walikuwa wanahamishiwa vijijini. Kuanzia Novemba 1973 kukaa vijijini kulikuwa amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Nyumba mpya, miti bado mibichi, watu wana hasira na minazi waliyoiacha. Kijana wa darasa la saba akaitwa kwenye mkutano, akasimamishwa, akapigiwa makofi. "Makofi ndiyo yaliyoniponza," alisema. "Ukishapigiwa makofi na kijiji kizima, utasema hutaki?"

Asubuhi alilima shamba la baba yake, na siku nyingine shamba la kijiji. Alasiri aliwafundisha wanawake, kwa sababu jioni hawana nafasi. Usiku aliwafundisha wanaume kwa kandili, na mafuta ya kandili yalichangwa. Kati ya hapo alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa kwenye mpango wowote: kusoma barua. Waume walikuwa Mombasa, au kwenye mashamba ya mkonge, wanaandikiwa na wenzao barua za nyumbani, na huku nyumbani msomaji ni yeye. "Nilijua siri za kijiji kizima," alisema. "Nani kaoa mke wa pili Mombasa, nani hatumi pesa. Nasoma huku mwenyewe analia, nami mtoto wa watu sijui niangalie wapi."

Nikamwuliza wanawake walipenda kisomo kwa ajili ya nini hasa. Kwa ajili ya taifa? Akacheka mpaka akaiachia pampu. "Walitaka nisiwasomee barua zao!"

Hapo, msomaji, nikamkumbuka yule mama wa kwenye kinu. Tunataka macho yetu wenyewe. Miaka hamsini imepita, barua imekuwa daftari la hisa, lakini haja ni ileile. Vitabu vya kisomo vilikuwa vizuri, vya kilimo cha pamba, cha mahindi, vya ndizi, vya uvuvi, vya ufugaji. Lakini mtu huwa na sababu yake ya siri ya kutaka kusoma, na mwalimu asiyeijua sababu hiyo atafundisha herufi tu.

Siyo kwamba kila kitu kilikwenda kwa hiari. Mzee alinieleza wazi kwamba kuna waliofuatwa majumbani na mgambo wakaletwa darasani. "Aliyeletwa na mgambo alijua kuandika jina lake, akaishia hapo," alisema. Alizungumza vizuri zaidi juu ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, aliyoikuta kama msikilizaji kabla hajawa mwalimu. Kijiji kilikaa kuizunguka redio moja, wanasikiliza habari za malaria, kichocho na minyoo, kisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kwa maneno yake, choo kinabaki hata mwalimu akiondoka, lakini kusoma hakubaki.

Na hii ndiyo sehemu ya habari inayouma.

Alifundisha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shilingi 30 zilikuja zikichelewa, mara nyingine zilikuja za miezi mitatu pamoja, mara nyingine hazikuja. Mara ya kwanza alimnunulia mama yake khanga. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na vijana wengi wa darasa la saba wakachukuliwa wafunzwe ualimu wakiwa kazini. Wenzake wawili walichukuliwa. Yeye hakuchukuliwa, na hakuambiwa kwa nini. Akaendelea.

Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikavunjika, na mpaka ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa Dodoma ile ilikuwa taarifa ya habari. Kwa mtu wa Horohoro lilikuwa jambo la sabuni, sukari na mafuta ya taa, na la shangazi wa upande wa pili anayezikwa bila wewe kumwona. Kisha ikaja vita ya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, kisha ile miaka ya foleni na maduka matupu. Chaki zikaisha. Mafuta ya kandili yakawa ya kutafuta kwa njia za porini. Darasa halikufungwa na mtu yeyote, halikuagwa. Siku moja wanafunzi walikuwa wanne, siku nyingine wawili, siku nyingine mwalimu mwenyewe hakwenda.

Bibi yeye alikuwa amefaulu mtihani wa 1975. Nikamwuliza alisoma nini baada ya hapo. Akafikiri sana. Akataja barua mbili za mumewe, ambaye baadaye alirudi nyumbani, kwa hiyo barua zikakoma. Akataja gazeti lililofungiwa vitumbua. Basi. Huko Kanda ya Ziwa kulichapwa gazeti la vijijini likiitwa Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji zilianzishwa sehemu mbalimbali, lakini bibi hakuwahi kushika kitabu kingine zaidi ya kile cha darasani, nacho kilikuwa cha darasa. Panga usilolikatia kitu litashika kutu hata kama ulilinoa vizuri.

Ndiyo maana naomba tuzisome zile hesabu tena. Mwaka 1986 tuliambiwa wasiojua kusoma ni chini ya 10 katika kila 100. Sensa ya 2012 ikaonyesha kwamba wanaojua kusoma, katika watu wa miaka 15 na zaidi, ni kama 78 tu. Mtu atasema ni walimu wale wa darasa la saba, hawakufundisha vizuri. Mie nasema la. Bibi alikumbuka bo na bu baada ya miaka arobaini na kitu bila kugusa kitabu. Aliyefundisha alifundisha. Waliokoma ni waliokuwa nyuma yake.

Sasa nirudi kwangu, maana nilisema nitaeleza maisha ya kujitolea, na ya kwangu hayakuwa ya kishujaa.

Mwezi wa saba nilichoka. Rafiki yangu mmoja wa Ngamiani alikuwa amepata bodaboda, ananitumia picha. Akaniandikia, "Kaka, unajitolea mpaka lini? Kujitolea hakulipi kodi." Riwaya ilikuwa imefika ukurasa wa nne. Siku hiyo walikuja wanafunzi watatu, mmoja akalala. Jioni nikaenda kwa fundi baiskeli nikamwambia naondoka Ijumaa.

Hakunizuia. Aliniuliza swali moja tu. "Wee unajitolea, au unatolewa?"

Nikamwambia sijaelewa. Akanieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kwa maneno yangu, kwa kuwa sikuyaandika siku ileile.

Tanga yetu, alisema, inazijua kazi za namna mbili tangu zamani. Ipo msaragambo: kijiji kinaitana, leo tunachimba kisima, kesho tunaezeka kwa mjane, kila mtu anakuja na jembe lake, na asiyekuja anajulikana. Na ipo manamba: mtu anatolewa kwao mbali, anapewa namba, anakata mkonge, siku zake zinahesabiwa kwenye kipande mpaka zitimie 30. Baba yake mzee aliishika kipande. Katika msaragambo unajua unampa nani jasho lako, na kesho atakupa lake. Katika manamba jasho linapanda meli. Uhuru ulipokuja tukaambiwa sasa tunajenga taifa, na watu wakajitolea kwelikweli. Lakini polepole likaingia neno la kujitolea mahali ambapo mwenye kutoa ni mmoja tu, na anayepokea hatoi kitu, wala hakumbuki. "Hiyo," alisema, "ni manamba iliyopewa jina zuri."

Nimeipima kauli hii na historia nikaona ina uzito. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa hiari. Huku kwetu Mkinga tunayo kambi yake pale Maramba. Mwaka 1966 likafanywa lazima kwa wasomi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana tarehe 22 Oktoba mwaka huo, wakafukuzwa, na Nyerere akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kila upande ulikuwa na hoja: wasomi walikuwa wamesomeshwa na jasho la wakulima, hilo ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba jambo la hiari likishakuwa la lazima, hiari imekwisha hata kama jina halikubadilika. Lazima hiyo ilisimamishwa mwaka 1994, ikarejeshwa 2013. Na leo ukikutana na kijana aliyemaliza chuo cha ualimu ukamwuliza yuko wapi, atakwambia, "Nipo najitolea shule fulani." Maana yake anasubiri ajira. Neno limetembea mbali sana kutoka chini ya mwembe.

Na kuna la pili. Ukiitafuta historia ya kujitolea vijijini Afrika, utakutana na wageni kwanza. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps walifika Tanganyika mwaka 1961, kabla hata ya Uhuru, wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia. Shirika lao likaondoka 1969, likarudi 1979. Sisemi vibaya juu yao, barabara ni barabara. Lakini wageni waliojitolea Afrika waliandika barua kwao, wakaandika shajara, wengine wakaandika vitabu, kwa hiyo tunajua walikula nini, waliumwa na nini, walilia lini. Wa kwetu walikuwa wengi kuliko hao mara nyingi sana. Walifundisha mamilioni kuandika, na wao wenyewe hawakuandika. Sisi vijana tunaotaka kuwa waandishi tunahangaika kutafuta visa vya riwaya Dar es Salaam na Nairobi, na fundi baiskeli tunampita kila siku tunamwamkia tu.

Ijumaa ile sikuondoka. Sitadanganya kwamba ni kwa ajili ya hotuba ya mzee. Ni kwa ajili ya daftari.

Alhamisi akina mama walikuwa wameomba kikao na katibu. Daftari la hisa likawekwa juu ya mkeka, na mama mmoja, mwanafunzi wangu wa katikati tu, si hodari sana, akaweka kidole kwenye jina lake. Akasoma herufi moja moja, jasho linamtoka. Kisha akasogeza kidole kwenye tarakimu. Akasema, "Hapa pameandikwa tatu. Siku ile nilinunua hisa tano." Wenzake wakakumbuka, ni siku ya mvua kubwa. Katibu akasema ni kosa la kalamu. Labda ni kweli. Yakapatikana makosa ya kalamu mengine sita, yote upande mmoja. Pesa zilirudishwa kwa miezi mitatu, na katibu hakufukuzwa, maana ni mtoto wa mmoja wao. Ila siku hizi anaandika huku vidole 14 vinafuata kalamu yake.

Mwezi wa kumi nilipokaribia kuondoka kweli, kwa heri na kwa kuagana, bibi yule akaleta daftari jingine, lina jalada la bluu limefungwa kwa kamba ya katani. Kumbe tangu mkono wake ulipokumbuka kuandika alikuwa amepewa kazi na kikundi: kuandika nani amenilisha siku gani, ili zamu zisimwelemee mtu mmoja. Nikafungua. Mwandiko mkubwa, unapanda mlima na kushuka. "Jumatatu ugali na dagaa." Chini yake jina la mama aliyepika. "Jumanne muhogo." "Jumatano hakula, ana homa." "Alhamisi uji mara mbili." Kurasa na kurasa. Mie niliyekuwa nalalamika kwamba nafanya kazi bure, nikaona deni langu limeandikwa vizuri kabisa, bila kosa la kalamu.

Nikampelekea fundi baiskeli. Alijifuta grisi mikononi kwanza. Akasoma ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akasoma polepole kama mwalimu anayesahihisha, hata pale alipoacha herufi alizitamka. Akasema, "Sie hatukuandikiwa."

Bibi alikuwa amenifuata nyuma, ameshika kiuno. Akamwambia, "Haya, andika sasa. Si unajua kuandika?" Akatafuta ukurasa mtupu, mwisho wa daftari. Mzee akaomba kalamu yangu. Akaandika juu kabisa: 1974. Kisha wakaanza kubishana, maana mzee alisema mwezi wa kwanza alikula kwa mama fulani, na bibi akasema hapana, yule alikuwa bado hajahamia kijijini, mwezi wa kwanza ulikula kwetu, nami ndiye niliyekupikia.

Niliwaacha na kalamu yangu.